KUFUNDISHA SHERIA ZA DINI NA SHERIA YA NCHI: NDOA, TALAKA NA MIRATHI KATIKA SHULE ZA MSINGI

Utangulizi

Sheria ni neno ambalo mtoto wa darasa la sita amekwisha kulisikia mara nyingi kabla mwalimu hajaliandika ubaoni. Amelisikia madrasa au katika mafundisho ya kipaimara. Amelisikia kwa wazee wanapogawana shamba la marehemu. Amelisikia redioni hakimu anapotajwa. Asilolijua bado ni kwamba neno hilo moja lina wenyewe zaidi ya mmoja, na kwamba familia moja, chini ya paa moja, inaweza kuongozwa na sheria mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwanamke wa Tanzania Bara aliyepewa karatasi ya talaka na mumewe huenda akaamini kwamba kila kitu kimekwisha, kumbe mbele ya serikali bado ni mke wa mtu, na haki yake katika nyumba waliyoijenga pamoja haijasikilizwa na mahakama yoyote. Mjane aliyeambiwa hana fungu huenda akafunga mizigo yake bila kujua kwamba palikuwa na mahali pa kuuliza. Msichana wa darasa la saba huenda akatolewa shuleni ili aolewe, na watu wote wanaomzunguka wakasema kuwa sheria inaruhusu, pasipo hata mmoja kuuliza ni sheria ipi. Wengi wa watoto wetu hawatasoma sheria popote isipokuwa katika shule ya msingi. Kwa hiyo asipowafundisha mwalimu wa shule hiyo kuuliza swali hilo, yamkini hawatafundishwa na mtu mwingine.

Katika makala haya tutajaribu kumwonyesha mwanachuo namna ya kufundisha uhusiano wa sheria za dini na sheria ya nchi, kwa kutumia mambo matatu ambayo kila mtoto ameyaona kwao: ndoa, talaka na mirathi. Mifano yetu mingi ni ya Tanzania Bara, kisha tutatazama Zanzibar na Kenya ili kulinganisha. Rai yetu ni kwamba sheria hizi zisifundishwe kama timu mbili zinazoshindana. Kila moja iulizwe maswali yale yale, ili mtoto aone mwenyewe ni wapi zinakutana, na ni wapi kila moja ina mpaka wake.

Maswali manne ya kulinganishia

Kulinganisha ni kazi yenye kanuni zake. Haifai kuyachukua mafundisho mema ya dini yetu na kuyapima na matendo mabaya ya wafuasi wa dini ya wenzetu. Kadhalika haifai kupima maandiko ya dini moja kwa desturi za kijiji cha watu wa dini nyingine. Kanuni hupimwa kwa kanuni, na matendo kwa matendo. Ili mwalimu asiteleze, tunapendekeza aandike ubaoni maswali manne na kuyaacha hapo mpaka somo liishe:

1. Chimbuko la sheria hii ni nini?
2. Sheria hii inamhusu nani?
3. Ni nani anayeamua panapotokea ugomvi?
4. Uamuzi huo una nguvu gani, na nguvu hiyo inaishia wapi?

Swali la nne ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo lenye faida kuliko yote. Sheria ya dini humfunga mwumini katika dhamiri yake na katika jumuiya yake. Sheria ya nchi humfunga kila mkazi wa nchi, naye akikaidi yupo hakimu wa kumlazimisha. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo, sehemu kubwa ya somo ameipata.

Yampasayo mwalimu kuyajua kwanza

(a) Chimbuko la kila sheria

Sheria ya Kiislamu chimbuko lake ni Kurani na Sunna ya Mtume, zikifuatiwa na ijmaa, yaani mwafaka wa wanavyuoni, na kiasi, yaani kulipima jambo jipya kwa hukumu ya jambo la zamani linalofanana nalo. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820. Katika sheria hii ndoa ni mkataba. Nguzo zake ni pamoja na walii wa mke, mashahidi wawili, na maneno ya kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya wazazi wake.

Kanisa Katoliki nalo lina sheria iliyoandikwa na kupangwa kwa vifungu, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983. Ndani yake ndoa ya wabatizwa wawili ni sakramenti, na ndoa hiyo ikiisha kukamilika hakuna mamlaka ya binadamu iwezayo kuivunja. Makanisa mengine ya Kikristo yana taratibu zao tofauti, wala mwalimu asiwatie Wakristo wote katika kapu moja.

Sheria ya mila chimbuko lake ni desturi za ukoo na kabila. Kwa Bara, kanuni za makabila mengi yafuatayo ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963. Si sheria ya dini, lakini huchanganywa na dini mara nyingi sana, na ndiyo sababu mwalimu hana budi kuitenga na kuiita kwa jina lake.

Sheria ya nchi hutungwa na Bunge chini ya Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za serikali. Kwa hiyo serikali haiendeshi msikiti wala kanisa. Hata hivyo haiwezi kuiacha ndoa kabisa, maana ndoa huzaa watoto, mali na madai.

(b) Kufunga ndoa: mahali sheria zinapokutana

Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa ili wananchi waujadili. Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika Bara tarehe 1 Mei 1971. Wengi hudhani kwamba sheria moja maana yake ni namna moja ya ndoa. Sivyo. Sheria hiyo iliruhusu ndoa kufungwa kiserikali, au kwa taratibu za Kikristo, au za Kiislamu, au za dini nyingine, au kwa mila. Kilichofanywa kimoja ni matokeo: ndoa yoyote kati ya hizo, ikifungwa kwa halali, ina hadhi ileile mbele ya mahakama.

Sheria hiyo inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Inagawa ndoa katika aina mbili: ya mke mmoja, na ile ambayo ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ndoa ya Kiislamu hudhaniwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, wala haigeuzwi maadamu wote wawili wamebaki Wakristo. Wanaotaka kuoana hutakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Kadhalika, ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa.

Kwa kifupi, dini hufungisha na serikali hutambua. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi cheti cha ndoa iliyofungwa kanisani na cha ndoa iliyofungwa msikitini, wataona kwamba vyote viwili vinaingia katika daftari moja la serikali.

(c) Kuvunja ndoa: mahali sheria zinapoachana

Kufunga ndoa kuna milango mingi, bali kutoka kwa mujibu wa sheria ya nchi kuna mlango mmoja wakati wanandoa wote wangali hai: uamuzi wa mahakama. Kabla ya kufika mahakamani, wanandoa hutakiwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kupeleka shauri lao kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Mabaraza hayo yapo katika kata, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yanayotambuliwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti, na cheti hicho ndicho kinachofungua njia ya mahakamani, kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Sasa tuchukue mifano miwili, nayo ndiyo kiini cha somo letu.

Mfano wa kwanza. Mume Mwislamu anamwacha mkewe kwa kutamka talaka. Kwa sheria ya dini yake tamko hilo lina athari: mke anaanza kukaa eda, na ikiwa ni talaka rejea mume anaweza kumrudia kabla eda haijaisha. Lakini kwa Sheria ya 1971 tamko pekee halikuvunja ndoa. Lipo sharti: Baraza likiisha kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika wala haitengenezeki, nayo itatoa amri ya talaka. Tazama jinsi sheria ya nchi isivyoikana sheria ya dini: imeipokea kama ushahidi, lakini amri ya mwisho imeibakiza mkononi mwa hakimu.

Mfano wa pili. Mume na mke Wakatoliki waliofunga ndoa kanisani wanafika mahakamani, na hakimu, baada ya kuridhika kwamba ndoa yao imevunjika kabisa, anatoa amri ya talaka. Kwa serikali sasa wao si mume na mke. Kwa Kanisa bado wamefungwa, wala hakuna hata mmoja anayeweza kufunga ndoa nyingine kanisani mwenziwe angali hai. Njia iliyopo ni kwa mahakama ya Kanisa kuchunguza kama ndoa hiyo ilikuwa halali tangu mwanzo, na ikionekana haikuwa hivyo, kutoa tamko la ubatili. Hilo si talaka. Talaka huvunja kilichokuwapo. Tamko la ubatili husema hakikuwapo.

Mifano hii miwili iandikwe ubaoni bega kwa bega. Mwislamu wa kwanza amejiona huru mbele ya dini yake ilhali serikali bado inamhesabu mwenye ndoa. Mkatoliki wa pili yu huru mbele ya serikali ilhali dini yake bado inamhesabu mwenye ndoa. Ni tatizo moja lililogeuzwa upande. Mwanafunzi akiliona hivyo hatasema tena kwamba dini fulani ndiyo yenye matatizo na sheria.

Mwalimu asisahau kueleza kwa nini mlango wa mahakama una maana. Hapo ndipo huamuliwa watoto wakae na nani, matunzo yalipwe kiasi gani, na mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe vipi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kama kupika na kulea, ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Uamuzi huo haumsaidii mwanamke ambaye shauri lake liliishia kwenye karatasi ya talaka.

(d) Mirathi: mahali hesabu inaposema

Katika mirathi Sheria ya Ndoa haihusiki. Bara hakuna sheria moja ya mirathi kwa watu wote. Mahakama hutazama maisha ya marehemu, dini yake na matamshi yake, ndipo iamue mali igawanywe kwa sheria ipi. Hapa mwalimu anaweza kuunganisha uraia na hisabati.

Chukulia kwamba marehemu, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki, ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, na pasipo wasia, zimebaki shilingi 24,000,000.

Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani 1/8, kwa sababu marehemu ameacha watoto: shilingi 3,000,000. Zilizobaki, 21,000,000, hugawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti: 14,000,000 na 7,000,000.

Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyoletwa Tanganyika na Waingereza, ambayo mahakama huweza kuitumia kwa marehemu Mkristo aliyeacha kuishi kwa mila, mke hupata 1/3: shilingi 8,000,000. Zilizobaki, 16,000,000, hugawanywa sawasawa: kila mtoto 8,000,000.

Kwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane hana fungu lake ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwana mkubwa ndiye mwenye fungu kubwa, na mabinti huwekwa daraja la mwisho. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba kanuni hizi ziliwabagua wajane wawili wa Tanzania.

Mambo mawili yafaa yatiliwe mkazo. Kwanza, mali ambayo mjane aliichuma mwenyewe si urithi, wala haiingizwi katika hesabu hii. Pili, watu wengi husema "dini haimpi mjane kitu", na hali hesabu inaonyesha wazi kwamba sheria ya Kiislamu imempa fungu lisiloondoleka. Mara nyingi anayemnyang'anya mjane Mwislamu hafuati dini wala sheria ya nchi. Anafuata mila, au tamaa yake tu.

(e) Umri wa kuolewa

Katika vitabu vya kale vya fikihi ya Shafi umri wa nikahi haukuwekwa kwa idadi ya miaka. Palitazamwa baleghe na uwezo wa walii. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 iliweka miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke, ikawaruhusu maaskofu wa kila nchi kuweka umri mkubwa zaidi; tena inamkataza padri, isipokuwa kwa ruhusa au dharura, kufungisha ndoa isiyoweza kutambuliwa na sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo, vinavyohusu umri huo na idhini hiyo, vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwezi Oktoba 2019. Mwalimu hana budi kila mwaka kutafuta toleo jipya la sheria kabla ya kufundisha sehemu hii.

Kwa mwanafunzi mwenyewe hakuna utata. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yalifanya kumwoa au kuolewa na mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Mwalimu akipata habari ya maandalizi ya namna hiyo, jambo hilo limekwisha kutoka katika maandalio ya somo na kuingia katika wajibu wake: amweleze mwalimu mkuu na ofisa wa ustawi wa jamii bila kukawia.

Zanzibar na Kenya

Wanafunzi waonyeshwe kwamba nchi jirani zimejibu swali lilelile kwa njia tofauti. Zanzibar haitumii Sheria ya Ndoa ya 1971. Huko Mahakama za Kadhi zimo ndani ya mfumo wa mahakama za serikali. Zilikuwa chini ya sheria ya 1985, na sheria mpya ikatungwa mwaka 2017. Kadhi husikiliza mashauri ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Hapo aamuaye kwa sheria ya dini ndiye pia mwamuzi wa serikali.

Kenya imeshika njia ya kati. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar na Uingereza waliafikiana juu ya ukanda wa pwani wa maili 10, na kadhi akabaki na kazi yake. Wakati wa uhuru, mwaka 1963, jambo hilo liliwekewa ahadi, na Katiba ya Kenya ya 2010 imelithibitisha katika ibara ya 170. Kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za mila, za Kihindu na za Kiislamu, na umri wa chini kwa zote ni miaka 18.

Tanzania Bara ilipounganisha mfumo wa mahakama zake kwa sheria ya 1963 haikuwapa makadhi nafasi ndani yake. Suala la kuwarudisha limejadiliwa sana, hata katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Darasani mwalimu aeleze hoja za kila upande kwa haki, wala asipige kura mbele ya watoto.

Hatua za kufundishia

Tunapendekeza vipindi vitatu vya dakika 40. Zana ni ubao, kadi za manila, na nakala za vyeti ambazo majina yake yamefunikwa.

Kipindi cha kwanza: Mwalimu aulize wanafunzi wametaja neno "sheria" wapi juma hilo, aandike majibu, kisha wayapange katika mafungu manne: dini, mila, serikali, na kanuni za shule. Ndipo aandike maswali manne na kuyajibu pamoja nao kwa habari ya kufunga ndoa.

Kipindi cha pili: Darasa ligawanywe katika makundi yenye wanafunzi wa dini mchanganyiko. Kila kundi lipewe kadi yenye mmoja wa mifano miwili ya talaka, nalo lieleze nani yu huru mbele ya nani. Tunasisitiza kwamba mtoto Mwislamu apewe pia kadi ya ndoa ya Kikatoliki, na Mkristo kadi ya ndoa ya Kiislamu. Anayeweza kuieleza sheria ya mwenziwe kwa namna ambayo mwenziwe ataikubali, huyo ameelewa.

Kipindi cha tatu: Hesabu ya mirathi. Wanafunzi wagawanye shilingi 24,000,000 kwa njia zilizoelezwa, kisha wajadili ni swali gani mjane anapaswa kuuliza kwanza, na amwulize nani.

Tahadhari moja ni muhimu. Darasani wamo watoto ambao wazazi wao wameachana, na wengine waliofiwa. Mifano yote iwe ya kubuni. Mtoto asiombwe kueleza ya kwao, na akianza kuyaeleza mwenyewe, mwalimu amsikilize kando baada ya kipindi.

Maswali magumu yatakayoulizwa

"Mwalimu, sheria ipi ni kubwa?" Jibu lisiwe la kukwepa. Aelezwe kwamba mwumini huiona sheria ya Mungu kuwa juu ya zote, na hiyo ni haki yake. Lakini watu wa dini mbalimbali wanapoishi pamoja, mgogoro wa mali na watoto huamuliwa na mahakama ambayo wote wanaifikia.

"Baba ana wake wawili. Amekosa?" Aelezwe kwamba sheria ya nchi inatambua ndoa ya namna hiyo kwa masharti, na kwamba darasa halihukumu nyumba ya mtu.

"Wewe waona dini ipi ina sheria nzuri?" Hapa mwalimu aseme kwamba kazi yake ni kuwafundisha kuzielewa, na kwamba kuchagua ni kazi ya dhamiri ya kila mtu na wazazi wake. Mwalimu anayejibu swali hili kwa mzaha hupoteza imani ya nusu ya darasa, na hairudi kwa urahisi.

Hitimisho

Hatuwafundishi watoto hawa wawe mawakili. Wengi watasahau namba za vifungu na miaka, wala hakuna hasara kubwa. Shabaha ni kwamba siku moja, mtu atakapowaambia "sheria inasema", waulize kwa adabu: ni sheria ipi, inamhusu nani, ameiamua nani, na nguvu yake inaishia wapi? Mwananchi anayeuliza hivyo haidharau dini yake wala serikali yake, wala hanyang'anywi haki yake kwa urahisi.

Maswali ya kujadiliwa vyuoni

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya amri ya talaka ya mahakama na tamko la ubatili la Kanisa.
2. Kwa nini haitoshi, kwa sheria ya Bara, mke kuwa na karatasi ya talaka tu?
3. Marehemu Mwislamu, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na shilingi 16,000,000 baada ya madeni. Gawanya mali hiyo.
4. Linganisha nafasi ya kadhi Zanzibar, Kenya na Tanzania Bara kwa kutumia maswali manne.
5. Andaa maandalio ya kipindi kimoja juu ya umri wa kuolewa kwa darasa la saba, ukionyesha utakavyoepuka kumwaibisha mtoto yeyote.